Nafasi Moja, Mawifi Wawili

Jumatatu, 4 Novemba

Siri imevuja. Mwaka mzima nimeificha kama mtu anayeficha mimba, leo wifi anaitaja mezani huku anamfuta mtoto mdomo. Eti na yeye anataka kuomba. Programu ileile! Chuo kilekile cha ng'ambo, shahada mbili kwa mpigo, uzamili wa uhandisi na uzamili wa biashara. Unaingia fundi, unatoka mtu wa kuongoza kiwanda kizima. Nilidhani mji huu mzima ninaijua mimi peke yangu. Nikamuuliza kaipata wapi. Kwa mama. Nikamgeukia mama, niliyekuwa nimemnong'oneza yeye tu. Mama akasema yeye alijua ni jambo la familia.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na mimi ndiye niliyemleta. Si nyumbani tu, hata kiwandani! Tunatengeneza magodoro. Nilikuwa mhandisi wa laini ya kukata sponji, peke yangu, kwa raha zangu, halafu kiherehere kikanishika nikamwambia meneja nina rafiki tuliyesoma naye, anaweza kusimamia ubora. Mwaka wa kwanza akaondoka na sifa. Mwaka wa pili akaondoka na kaka. Sasa anataka kuondoka na chuo.

Nilimpongeza. Nilimpongeza mpaka taya zikauma.

Jumatano, 6 Novemba

Kuna jukwaa mtandaoni ambako waombaji wa kimataifa wanaanika alama zao na kuuliza: jamani, nina nafasi gani? Anayejibu zaidi anajiita Mpimabahati. Nimemwekea sifa zangu zote, nyingine nikazitia chumvi kidogo. Akajibu ndani ya saa moja. Mwombaji wa kimataifa, alisema, ana milango miwili: kitivo cha uhandisi na shule ya biashara. Mmoja ukikataa, yote miwili imekataa. Halafu viti vya wageni ni vya kuhesabu. Halafu, na hili ndilo lililonikata maini, hawachukui watu wawili kutoka kiwanda kimoja.

Nikauliza, na kama ni mawifi? Akasema hapo ndiyo kabisa.

Sikumuuliza yeye mwenyewe kasoma wapi. Mtu anayejua kiasi hicho hana haja ya kuulizwa.

Kwa hiyo dunia nzima si tatizo. Wahindi, Wachina, Wabrazili, waje tu. Mshindani wangu analala chumba cha pili, na tunatumia dawa ya meno moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Mpango wa kwanza. Nimefungua akaunti nyingine jukwaani, jina Mhitimu Mkweli. Nikaandika kwa uchungu mkubwa. Nilisoma programu hii, nikasema, na leo mikono inatetemeka. Baridi inapasua midomo. Walimu wa uhandisi na walimu wa biashara hawasalimiani, mwanafunzi unakuwa mtoto wa talaka. Wenye watoto wadogo, nikaongeza, msithubutu. Nikaisoma mara mbili. Nilikaribia kulia mwenyewe.

Nikamtumia wifi kiungo, nikijifanya nimekutana nacho njiani.

Alisoma jikoni, amesimama, uso umemshuka. Nikasubiri. Akaja akanishika mkono. Akaniambia amenionea huruma, maana anavyonijua mimi siwezi baridi, na moyo wangu ni mwepesi, nisije nikaenda kujitesa. Akamwita kaka. Kaka akasoma. Akamwita mama. Sasa nyumba nzima imekaa kikao cha kunishauri nisiende. Wifi yeye ataenda, wanasema, ameshazoea shida.

Jukwaani mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mpimabahati ametangaza kwamba kwa sababu ya Mhitimu Mkweli wengi watakimbia, hivyo nafasi zimepanuka, mwaka huu ndio wa kuomba. Watu wanamshukuru. Waliokuwa hawana nia sasa wanayo.

Jumanne, 12 Novemba

Barua za mapendekezo. Sote wawili tunamtegemea meneja wa uzalishaji, mzee mtaratibu mwenye miwani ya kufungwa kamba. Nimeingia ofisini kwake kabla wifi hajafika. Kwa upole nikamdokezea kwamba vyuo vikubwa vinamshuku meneja anayependekeza watu wawili kwa pamoja. Vinaona hana msimamo.

Akavua miwani. Akasema hakulijua hilo, na amenishukuru sana. Basi atampendekeza mmoja tu. Akafikiri kidogo, akasema ataanza na wifi yangu, kwa kuwa ana mtoto na muda wake ni mfinyu. Mimi ataniandikia mwakani, barua ndefu.

Nilitoka. Nikanawa uso bombani. Nikarudi. Nikamwambia nimepigiwa simu sasa hivi, utaratibu umebadilika, vyuo sasa vinapenda wawili wawili. Akavaa tena miwani. Kisha akasema sawa, atatuandikia wote, na je, mimi nalala vizuri siku hizi?

Jumatatu, 18 Novemba

Insha inataka uongozi. Uongozi! Mimi naongoza mashine moja na kijana wake wa mafuta. Nikapata wazo. Nimeanzisha Umoja wa Wanawake Mafundi wa Kiwanda. Nikabandika tangazo langoni, nikanunua biskuti, nikapanga viti kwenye bohari la vitambaa. Kusudi ni mwisho wa siku niandike: mwanzilishi na mwenyekiti.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Washonaji, wa stoo, hata wapishi wa kantini waliosema moto nao ni ufundi. Nikasema tufanye uchaguzi haraka, kwa kunyoosha mikono, tusipoteze muda. Mshonaji mmoja mnene, yule mwenye sauti ya kengele, akasimama akampendekeza wifi. Mikono ikanyooka yote. Yote! Nikajikuta na wa kwangu umenyooka, nikaushusha, watu walikuwa wameshauona.

Mimi ni katibu. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba wifi amechaguliwa bila kupingwa.

Akaniambia njiani kwamba angependa kukataa, wazo lilikuwa langu. Nikamwambia aache utani. Ningesema nini? Ningesema ndiyo kataa?

Jumapili, 1 Desemba

Tumetuma. Mtandao wa nyumbani unashika vizuri sebuleni tu, kwenye kochi la dirishani. Nilikaa pale tangu asubuhi, nikiwa nimeukalia waya wa mtandao makusudi ili yeye akose. Akaja na laptopu yake, akasema nitangulie mimi, yeye ataenda kiwandani kutumia wa ofisi. Mvua inanyesha. Akachukua mwavuli mbovu akaniachia mzima.

Mtu wa namna hii utamchukiaje kwa amani?

Najitahidi.

Alhamisi, 23 Januari

Usaili kwa video. Tumeitwa wote wawili, yeye alifanya jana. Alitoka chumbani anatabasamu, nikamuuliza maswali gani, akasema ya kawaida tu, nitafurahi. Nikajua ananificha.

Leo zamu yangu. Ukuta wa chumba changu umepasuka, kwa hiyo wifi akanipa chumba chao, ukuta mweupe, mwanga mzuri. Akanivalisha koti lake jeusi kwa kuwa langu limepauka mabegani. Akamtoa mtoto nje asije akalia. Koti lake linanikaa vizuri zaidi kuliko linavyomkaa yeye. Hilo nililiona.

Maprofesa wawili, mwanamke wa uhandisi na mwanamume wa biashara. Wanasalimiana kabisa. Sponji niliwaeleza vizuri: jinsi tulivyopunguza vipande vinavyotupwa kwa kubadilisha pembe ya kisu. Wakaandika. Kisha yule wa biashara akaomba nieleze wakati niliomsaidia mwenzangu afanikiwe.

Kichwa kikawa cheupe kama ule ukuta. Nani nimewahi kumsaidia? Nikamkumbuka mmoja. Nikawaeleza jinsi nilivyomleta kiwandani rafiki yangu, nikamfundisha mashine ya kukata, nikamtetea alipoharibu shehena ya kwanza. Yote kweli. Nilikuwa nimeisahau ile shehena. Alilia chooni, nami nilisimama mlangoni nikizuia watu wasiingie.

Yule wa uhandisi akauliza nilijifunza nini.

Nikasema, "Nisirudie."

Wakacheka mpaka picha ikagandaganda. Walidhani ni mzaha. Sikuwasahihisha.

Alhamisi, 13 Machi

Majibu.

Wifi amepata. Milango yote miwili, na udhamini juu. Mimi: orodha ya kusubiri.

Barua yangu ni ya adabu sana. Inasema wamevutiwa nami. Inasema idadi ya waombaji wa kimataifa imepanda mwaka huu kuliko walivyotarajia. Najua imepandishwa na nani. Na Mhitimu Mkweli.

Mama alipiga vigelegele ukumbini, akaishia katikati aliponiona. Hicho kimya kiliniuma kuliko barua. Nikamwambia malizia, mama. Akamalizia, lakini kwa sauti ya mtu anayekohoa. Kaka akanipiga bega, akasema kusubiri nako ni karibu na kupata. Mtoto akaja akanipa kidoli chake cha plastiki nikishike. Nikakishika jioni nzima.

Wifi aliingia jikoni. Aliosha vyombo vyote peke yake, hata vile visivyochafuka.

Jumapili, 16 Machi

Nimetulia. Nimepiga hesabu. Orodha ya kusubiri inasogea tu mtu akijitoa. Nani wa kujitoa? Sihitaji Mpimabahati kunijibu.

Asubuhi nikamvuta kaka pembeni. Nikamwambia ndoa nyingi zinavunjikia kwenye masafa, miaka miwili si mchezo. Kaka akasema hata yeye aliliona hilo, ndiyo maana ameshaomba likizo bila malipo aende naye. Akanifungulia kabati. Amenunua koti la baridi. Alilivaa hapohapo, katika joto hili, akageuka nione mgongo.

Nikaenda kwa mama. Nikamuuliza ataweza kukaa bila mjukuu? Mama akasema haina shida, atakuwa na mimi. Akanitajia mambo tutakayofanya wawili: kupaka rangi ukuta wangu, kwenda kliniki ya magoti, kutazama tamthilia yake tangu sehemu ya kwanza.

Jumanne, 8 Aprili

Kiwandani kumechafuka. Meneja wetu anahamishiwa tawi jipya. Kiti kimebaki wazi, ofisi yenye kiyoyozi na dirisha la kuona laini zote. Mkurugenzi kamwita wifi.

Sikuitwa. Nilipita nje ya mlango ule mara kadhaa nikiwa nimebeba kipande cha sponji, ili nionekane nina sababu.

Jioni wifi alinikuta jikoni. Alifunga mlango, kitu ambacho huwa hafanyi.

"Wifi," alisema, "nimewaandikia chuo. Sitakwenda."

Nikauliza kwa nini. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Wamenipa kiwanda. Kile ambacho ningeenda kusomea miaka miwili ndicho wamenipa leo mkononi. Nikaona, niende nikajifunze kuogelea wakati nimeshaingizwa majini?" Akakaa. "Na nimewaambia kuna mtu kwenye orodha yao anayestahili kuliko mimi. Nimewaambia nani alinifundisha mashine. Nani alisimama kwenye mlango wa choo."

Aliikumbuka. Muda wote huu aliikumbuka.

Ningelia. Kweli kabisa, machozi yalikuwa yameshafika. Nilimkumbatia, akanikumbatia, na kwa muda nilimpenda kama siku zile za chuoni tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.

Halafu, nikiwa bado nimemkumbatia, nikaanza kufikiri juu ya kile kiyoyozi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepata! Barua imeingia asubuhi nikiwa laini namba mbili. Kitivo cha uhandisi ndiyo, shule ya biashara ndiyo, udhamini uleule. Nijibu kabla ya Jumatatu. Nilipiga kelele, fundi akazima mashine akidhani nimekatwa kidole.

Furaha ilidumu mpaka chakula cha mchana. Pale kantini ndipo nilipoanza kuwaza. Mtu hatupi kitu kizuri. Wifi si mjinga, alama zake zilizidi zangu. Kama yeye, aliyekuwa na tiketi mkononi, ameiweka chini akachagua ofisi, basi kilicho bora ni ofisi. Mimi nimeachiwa ganda.

Nilipanda ngazi kwenda kumpa habari. Alikuwa anapima dirisha apate kuweka pazia. Aliposikia aliniinua juu, kwa mikono yake, miguu yangu ikaacha sakafu. Toka kule juu niliona laini zote nne. Mandhari nzuri sana.

Jumapili, 13 Aprili

Karamu ya nyumbani, ya watu wawili kwa pamoja. Ndivyo mama alivyosema. Ila keki ina umbo la godoro! Godoro ni la nani? La meneja. Mimi nikawekewa kibendera cha karatasi pembeni.

Shangazi yetu alinishika mashavu akasema hongera, mwanangu, wewe ndiye unayekwenda kule kwenye nafasi ya wifi yako. Mjomba akasema vizuri sana, nafasi ya wifi isipotee bure. Jirani wa ukuta wa pili akauliza kama jina kwenye barua litabadilishwa au nitatumia la wifi.

Wifi akawasahihisha wote. Akasema ni nafasi yangu, nimeipata kwa kichwa changu. Alisema vizuri mno, wote wakamsifu kwa moyo wake.

Nikaenda chumbani. Nikafungua laptopu. Niliandika kwa heshima kwamba nashukuru, lakini baada ya tafakari ya kina nimeamua kubaki kuendeleza viwanda vya nyumbani. Mimi si mtu wa makombo. Nikabonyeza. Nikarudi nikala kipande kikubwa cha keki, upande wenye mto wa kulalia.

Raha iliyoje! Na mpango upo. Meneja mpya lazima awe na naibu. Naibu mwenyewe ni nani kama si mimi? Nitakaa chini yake kidogo tu, mpaka nijue faili zilipo.

Jumanne, 15 Aprili

Jana nilisubiri aniite. Hakuniita. Leo nikapanda mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti cha wageni, nikamwambia nina habari njema: nimekikataa chuo, nabaki, tutakuwa pamoja.

Wifi aliweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango.

"Umewajibu? Umeshatuma?"

Nikasema tangu juzi, na wameshanishukuru na kunitakia heri.

"Wifi yangu," alisema polepole. "Unaibu nimeutoa jana. Nilikuwa nimekuandika wewe, nikafuta. Nilijua unaondoka."

Kampa binti wa maabara. Yule mwembamba anayebonyeza sponji kwa chuma siku nzima kupima ugumu, anayekula peke yake, asiyesema hata shikamoo mpaka umsemeshe wewe. Sikuwahi kumtilia maanani. Nilipita karibu naye mchana huu, ameketi, anabonyeza, anaandika, anabonyeza. Kaniamkia. Nikaitikia. Ana koti jipya jeupe, na kalamu mbili mfukoni. Za nini mbili?

Mama bado anawaambia majirani nasafiri Agosti. Sijamrekebisha. Kaka amenipa lile koti lake la baridi, anasema mimi ndiye nitakayelihitaji.

Nimelala kitandani nimelivaa, nafikiri. Miezi yote hii nimemwonea wifi bure. Wifi ni mtu safi, sijui shetani gani alinipitia. Kumbe mbaya wangu alikuwa kule maabara, kimya, anajipangia mambo yake. Kesho nitaingia asubuhi na mapema, kabla hajafika. Nimesikia kile kipimo chake kikiguswa kidogo tu, kinasoma vibaya.